Tanganyika: Ukurasa wa intaneti ujaribiwe Kongolo kabla ya kusifiwa Kinshasa

Kila mwaka matokeo ya Exetat yanapotoka, wazazi na wanafunzi wa Kongolo wanashika simu. Mwenye uniti anatuma ujumbe mfupi kwa kampuni yake ya simu na kungoja jibu. Mwenye mega anatafuta kwenye intaneti, na huko ndiko taabu inakoanzia. Ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160, na jina la mtoto, asilimia yake na jina la shule vinatosha humo vyote. Kwenye intaneti matokeo yaleyale mara nyingi yanazunguka kama faili la PDF la jimbo zima, shule baada ya shule, na mtoto analazimika kulivuta lote ili asome mstari wake mmoja. Mega zikikatika katikati, amelipia faili ambalo hakulisoma.

Lawama huwa inaangukia réseau, na ni kweli kwamba mtandao ni dhaifu. Lakini sehemu kubwa ya tatizo hili haiko kwenye mnara wa simu. Iko mezani kwa mtu aliyetengeneza ukurasa, akautazama kwenye kompyuta yenye kioo kipana na Wi-Fi ya ofisi, akaona unapendeza, akasema kazi imekwisha. Kazi ilikuwa haijaisha, kwa sababu hakuna aliyeufungua kwenye simu ya bei ndogo, jioni, mahali kama Kongolo.

Suala hili si la mafundi peke yao. Mwaka 2019 serikali ya Kinshasa ilitoa mpango wa taifa wa numérique, uliopewa upeo wa mwaka 2025. Tarehe 13 Machi 2023 ikafuata sheria ya numérique. Majimbo, tume, mashirika ya misaada, vyuo vikuu na hata parokia zinafungua tovuti. Tangazo la kazi, orodha ya waliokubaliwa chuoni, onyo la kipindupindu: mambo haya yanazidi kuhamia kwenye intaneti, na mwananchi ambaye ukurasa haumfungukii anabaki nje bila mtu kujua kwamba alikuja mlangoni.

Hesabu ya uzito

Ukurasa wa kawaida wa intaneti duniani leo unazidi megabaiti 2. Tuseme una megabaiti 2 na nusu, na simu iko kwenye mtandao wa 2G unaotoa takribani kilobiti 100 kwa sekunde, kasi ambayo watu wengi wa mashambani Kongo wanaifahamu. Ukurasa huo utachukua dakika tatu na zaidi kabla ya kufika wote. Ukurasa wa kilobaiti 100 utachukua sekunde nane. Maneno yanaweza kuwa yaleyale. Kinachotofautiana ni mizigo iliyoambatanishwa nayo.

Mzigo wa kwanza karibu kila mara ni picha. Simu ya siku hizi inapiga picha ya megabaiti 3 hadi 5, yenye upana wa nukta 4000. Simu nyingi za bei ndogo zina kioo chenye upana wa nukta 720. Gavana akipigwa picha akikata utepe na picha hiyo ikawekwa kama ilivyo, msomaji analipia nukta ambazo kioo chake hakiwezi hata kuzionyesha. Ikipunguzwa upana hadi 720 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, mara nyingi inashuka chini ya kilobaiti 100, na uso wa gavana unabaki uleule. Programu za kufanya hivyo ni za bure na kazi yenyewe haizidi dakika moja. Picha zilizo chini kabisa ya ukurasa ziwekewe amri ya kungoja, zisivutwe mpaka msomaji afike huko.

Mzigo wa pili hauonekani kwa macho. Ni vipande vinavyoitwa kutoka seva nyingine: herufi za mapambo kutoka kampuni moja, ramani kutoka nyingine, kihesabu wageni kutoka ya tatu, vitufe vya mitandao ya kijamii kutoka ya nne. Kila seva mpya inataka maamkizi yake. Simu inauliza anwani, inafungua mawasiliano, inakubaliana juu ya usalama, ndipo baiti ya kwanza inakuja. Hizo ni safari tatu au nne za kwenda na kurudi, na kwenye mtandao dhaifu kila safari inaweza kula nusu sekunde.

Anayejua reli ya SNCC ataelewa haraka. Treni ya kutoka Kalemie kwenda Kongolo inapita Kabalo kwanza. Hakuna mfanyabiashara anayetuma magunia yake moja moja, kila gunia na safari yake. Fundi wa ukurasa anafanya hivyohivyo bila kujua, kwa sababu ofisini kwake safari ile inachukua punje ya sekunde tu.

Kuna hatari nyingine katika kutegemea seva za mbali. Tarehe 6 Agosti 2023 nyaya za baharini za SAT-3 na WACS zilikatika karibu na mdomo wa mto Kongo, baada ya maporomoko ya udongo chini ya bahari. Tarehe 14 Machi 2024 nyaya nne zikaharibika mbele ya pwani ya Côte d'Ivoire, WACS ikiwa mojawapo. WACS ndiyo inayotua Muanda. Siku kama hizo, ukurasa wenye maneno yake na mitindo yake ndani unaweza kujikongoja ukafika. Ukurasa unaongoja herufi za mapambo kutoka ng'ambo unaweza kubaki mweupe kabisa, ingawa maneno yenyewe yameshaingia kwenye simu.

Wasiohesabiwa

Wakuu wa mashirika wakiulizwa kuhusu jambo hili, jibu la haraka ni kwamba takwimu haziwaonyeshi watu wa Kongolo wakilalamika. Jibu hilo lina tundu, na kampuni kubwa ya video ya YouTube ililigundua zamani.

Mhandisi wake mmoja, Chris Zacharias, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyoupunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100. Alipoutoa kwa sehemu ya watazamaji, wastani wa muda wa kufunguka uliongezeka badala ya kupungua. Ilionekana kama kushindwa. Walipotazama ramani wakaona sababu: watu wa Asia ya kusini-mashariki, Amerika ya kusini, Afrika na Siberia, ambao awali ukurasa ulikuwa hauwafungukii kwa namna ya kuweza kuutumia, sasa walikuwa wameingia. Kwao dakika mbili za kungoja zilikuwa nafuu, kwa sababu ukurasa wa zamani ungewachukua dakika ishirini. Kabla ya hapo hawakuwepo kwenye hesabu hata kidogo.

Serikali ya Uingereza nayo ilijipima mwaka 2013. Ilitaka kujua ni wageni wangapi wa tovuti yake kuu hawapati programu ndogo za JavaScript, zile zinazofanya ukurasa ujongee. Ilikuta asilimia 1.1, yaani mtu mmoja kati ya 93. Wachache tu kati yao walikuwa wameizima au wana kifaa kisichoiweza. Wengi walitakiwa kuipata na haikufika, kwa sababu zozote zile: mtandao kukatika, kizuizi cha ofisi, simu kuchoka. Hiyo ni Uingereza. Kwa Tanganyika hakuna haja ya kukisia namba ili kuona upande inakoelekea.

Somo la kifundi ni hili: maneno yaje kwanza, kama maneno ya kawaida ndani ya ukurasa, ndipo mapambo yafuate. Tovuti nyingi mpya zinatengenezwa kinyume. Zinatuma ganda tupu, kisha programu nzito, kisha programu hiyo ndiyo iende kuleta maneno. Programu isipofika, msomaji anaona duara linazunguka mpaka betri iishe. Na betri Kongo si jambo dogo. Watu wengi nchini hawana umeme nyumbani, na kuchaji simu kwenye kibanda kunalipiwa.

Tangazo lenye muhuri

Kuna desturi ya hapa nyumbani inayostahili kutazamwa peke yake. Ofisi ikitoa tangazo, inaliandika, linapigwa muhuri na saini, linapigwa picha, na picha ndiyo inayowekwa kwenye tovuti na kutupwa WhatsApp. Sababu inaeleweka. Matangazo ya uongo ni mengi, na mwananchi anataka kuona muhuri.

Lakini tangazo lililo ndani ya picha haliwezi kutafutwa kwa Google. Haliwezi kusomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona. Haliongezeki ukubwa vizuri kwa mzee mwenye macho dhaifu, halitafsiriki, na mtu hawezi kunakili namba ya simu iliyo ndani yake. Linakuwa zito pia. Onyo la kipindupindu kwa watu wa Kalemie, ambako ugonjwa huo unajirudia miaka nenda rudi, haliwezi kufungiwa ndani ya picha ya karatasi iliyokunjamana.

Muhuri wenyewe ni ulinzi mdogo, kwa kuwa anayeghushi maneno anaghushi na muhuri. Kinachothibitisha tangazo ni mahali lilipo: tovuti ya ofisi yenyewe, kwenye jina lake lenye .cd, herufi ambazo Kongo ilipewa mwaka 1997 baada ya .zr ya Zaïre. Njia nzuri ni kuandika tangazo lote kama maneno kwenye ukurasa, na chini yake kuweka kiungo cha picha yenye muhuri kwa anayeitaka, pamoja na uzito wake: «picha, kilobaiti 180». Msomaji aamue mwenyewe kama atalipia.

Na kwa kuwa wengi wanafika kwenye ukurasa kupitia kundi la WhatsApp, kichwa na sentensi fupi inayojitokeza pale chini ya kiungo ni sehemu ya ukurasa. Sentensi hiyo huandikwa na fundi ndani ya ukurasa, na wengi wanaisahau. Ikisema tu «Karibu kwenye tovuti yetu», imepoteza nafasi. Ikisema «Chanjo ya surua: Kongolo, Jumatatu hadi Ijumaa, vituo vyote vya afya», hata asiye na mega za kufungua ameshapata habari.

Fomu zisizomjua Mkongomani

Mahali ambapo mtu wa Kongolo anafukuzwa waziwazi ni kwenye fomu. Nyingi zimenakiliwa kutoka nchi nyingine na hazikujaribiwa na mtu wa hapa.

Mkongomani ana nom, postnom na prénom. Fomu ina visanduku viwili. Postnom iende wapi? Mmoja anaiweka pamoja na nom, mwingine anaiacha, na siku ya kulinganisha na kadi ya mpiga kura majina hayakubaliani. Fomu inadai namba ya posta, kitu ambacho watu hawakitumii katika anwani zao, na inakataa kuendelea bila hiyo, basi kila mtu anaandika sufuri tano. Orodha ya majimbo bado ina 11, na Kongolo analazimishwa kuchagua Katanga, wakati Tanganyika ni jimbo tangu mgawanyo wa mwaka 2015 uliofanya majimbo kuwa 26. Namba ya simu inakataliwa kwa sababu mtu ameanza na 0 badala ya +243, au ameacha nafasi kati ya tarakimu. Kompyuta inaweza kurekebisha hayo yenyewe kwa mstari mmoja wa programu, ila imeachiwa mama mwenye haraka sokoni.

Linaloumiza zaidi ni fomu ndefu inayofuta kila kitu mtandao ukikatika. Mtu amejaza nusu saa, amefinya kitufe, ukurasa umerudi mtupu. Fomu inaweza kuhifadhi majibu ndani ya simu yenyewe mpaka yatumwe salama. Si ufundi wa juu. Ni jambo la mtu kukaa na kuujaribu ukurasa huku akizima data kwa makusudi katikati ya kazi.

Lugha nayo ni sehemu ya fomu. Shirika linaleta ukurasa «kwa Kiswahili», na Kiswahili chenyewe kimetoka Dar es Salaam. Kitufe kinasema «Pakua». Kwa watu wanaoishi kando ya Lualaba na reli, kupakua ni kushusha magunia. «Bonyeza» inaeleweka, lakini wengi wanasema «finya». «Wasilisha» ina uzito wa mahakama, na «tuma» ingetosha. Hakuna ubaya kuandika «télécharger» pembeni kama ndilo neno lililo mdomoni mwa watu. Lugha ya ukurasa itajwe pia ndani ya programu yake, kwa alama ya sw, ili Chrome isidhani ni lugha nyingine na kuanza kutafsiri ovyo. Kiswahili cha Kongo kina hata alama yake ya kimataifa, swc, ingawa programu nyingi bado zinaitambua sw peke yake.

Kupima bila kujidanganya

Vipimo vya bure vipo. PageSpeed Insights ya Google na WebPageTest zinapokea anwani ya ukurasa na kurudisha alama, pamoja na orodha ya vitu vinavyouchelewesha. Google inataka kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa usirukeruke wakati msomaji anataka kufinya. Ni vipimo vizuri, lakini vina mtego. Mtandao dhaifu ambao chombo hicho kinaigiza una kasi ya megabiti 1.6 kwa sekunde. Ule wa 2G uliotajwa juu ni dhaifu kuliko huo mara 16. Ukurasa unaweza kupata alama 90 na bado ukamshinda mtu wa Kongolo. Fundi anayeonyesha alama ya kijani kwa mteja wake hasemi uongo, ila hajajibu swali. Ndani ya Chrome ya kompyuta kuna sehemu ya mafundi inayoruhusu kupunguza kasi zaidi ya hapo, na ukurasa ukitazamwa hivyo kwa dakika tano mengi yanajionyesha. Ujaribiwe pia kwenye Opera Mini, programu inayobana data na inayokataa sehemu kubwa ya JavaScript.

Baada ya mashine waje watu. Mtafiti Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua takribani asilimia 85 ya kasoro za ukurasa. Wengine wamebishana naye juu ya namba, lakini kwa shirika lisilo na fedha kanuni hiyo inafaa. Watano hao wasiwe wafanyakazi wa ofisi. Awepo mwalimu, muuza karanga, mwendesha pikipiki, mwanafunzi, mzee. Kila mmoja atumie simu yake mwenyewe, na shirika limrudishie mega alizotumia. Apewe kazi moja: «tafuta kama mtoto wako yumo kwenye orodha». Kisha fundi anyamaze. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu kila fundi anataka kunyoosha kidole na kusema «finya pale». Akifanya hivyo jaribio limeharibika.

Jaribio lifanyike nje, mchana, juani. Maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe, yanayoonekana ya kisasa ofisini, yanapotea kabisa kwenye mwanga wa saa sita. Kanuni za kimataifa za WCAG zinataka rangi ya maandishi na ya nyuma yake zitofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe inafika 21 kwa 1 bila gharama yoyote. Vitufe navyo viwe vipana vya kutosha kidole cha mtu mzima.

Linabaki suala la fedha. Mara nyingi ukurasa unajengwa kwa fedha za mradi, na mkataba unataja idadi ya kurasa, nembo za wafadhili na tarehe ya uzinduzi. Uzito hautajwi, wala simu. Mashirika yanayoandika mikataba hiyo Kalemie, Lubumbashi au Kinshasa yangeweza kuongeza mistari michache tu: ukurasa wa kwanza usizidi kilobaiti 200, usomeke bila JavaScript, ujaribiwe na watu watano ndani ya eneo unalolihudumia, na malipo ya jina la tovuti yaandaliwe kwa miaka miwili baada ya mradi kufungwa, ili anwani ile isife au kuchukuliwa na mtu mwingine. Sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi ibaki mkononi mwa mteja mpaka ripoti ya watu hao watano ifike.